Mdogo Wangu wa Ilomba, Usikimbilie Kuzima Seva

Wadogo zangu, leo kona nzima naitoa kwa barua moja. Imetoka Ilomba, Mbeya, kwa binti anayeshika kazi zote za IT peke yake katika ofisi inayohudumia vikundi vya wakulima: mikopo ya pembejeo, marejesho, akiba. Ameanza na "Shikamoo dada", akaeleza shida yake kwa utulivu mpaka karibu na mwisho, ambapo utulivu umemwisha. Marahaba, mdogo wangu. Nakujibu kwa urefu, kwa sababu ulichokipata kinawapata wengi wanaolinda kanzidata, na wengi wao wanalaumiwa kama unavyolaumiwa wewe.

Kwa wasioiona barua, shida ni hii. Ripoti ya marejesho ya tawi inatolewa na prosija, ile programu ndogo inayokaa ndani ya kanzidata yenyewe. Kwa kawaida hutoka kabla mtu wa kaunta hajamaliza kumsalimia mkulima. Halafu inafika siku, hakuna aliyegusa kitu, ripoti inajivuta mpaka inavuka sekunde 30 ambazo programu za .NET husubiri zisipoelekezwa vingine, na mfumo unakata na kuleta ujumbe wa kosa. Binti akiiendesha prosija ile ile mezani kwake, kwenye SSMS, ile programu ya kusimamia kanzidata, inajibu papo hapo. Meneja anasema ni mtandao. Watu wa kaunta wanasema ni yeye. Aliyewauzia mfumo anasema kwa simu: zima seva, washa. Ikizimwa na kuwashwa inapona, na siku chache baadaye inarudia. Kibaya zaidi, kuna siku umeme unakatika, ukirudi mfumo uliokuwa mzima jana ndio unaamka mgonjwa. Anauliza kama aache kazi.

Usiache. Na hiyo seva, kabla hujaizima tena, nisikilize.

SQL Server, ambayo umesema ndiyo mnayotumia, haifikirii upya kila prosija inapoitwa. Mwito wa kwanza ukifika, optimaiza, ile sehemu ya seva inayochagua njia ya kufikia data, hutazama parameta zilizokuja nao, kama namba ya tawi, hutazama takwimu za majedwali, hukadiria itakutana na mistari mingapi, kisha huchagua njia. Inaweza kupita kwenye indeksi na kuchomoa mstari mmoja mmoja, au kusoma jedwali zima kwa mkupuo na kuunganisha huko mbele. Njia iliyochaguliwa ndiyo mpango wa utekelezaji. Kuutengeneza kunakula muda wa prosesa, kwa hiyo seva huutunza kwenye kumbukumbu yake na kuutumia kwa miito yote inayofuata, hata yenye parameta tofauti kabisa na ile ya kwanza.

Chukua mfanyabiashara wa viazi pale Uyole. Mteja wa kwanza asubuhi anataka debe moja lifike Mwanjelwa, anaitiwa bajaji, na ni sawa kabisa. Halafu mfanyabiashara anaamua kwamba kuanzia sasa kila mzigo utakwenda kwa bajaji. Mteja wa pili ana magunia mia tatu. Bajaji itakwenda na kurudi mpaka usiku, na dereva hana kosa lolote.

Ndicho kinachotokea kwako. Umeandika kwamba tawi la Mbeya mjini lina maelfu ya wanachama, na kituo chenu kipya cha Makete kina wachache tu. Mwito wa kwanza baada ya seva kuwaka ukitoka Makete, mpango unatengenezwa kwa ajili ya mistari michache: chomoa mmoja mmoja, omba kumbukumbu kidogo ya kupangia. Kisha Mbeya mjini wanaita ripoti yao. Seva inachomoa mmoja mmoja kwa maelfu, ile kumbukumbu ndogo iliyoombwa haitoshi, kazi inamwagikia kwenye diski ndani ya tempdb, na kaunta inaganda. Mwito wa kwanza ungetoka Mbeya mjini, mpango ungekuwa wa mzigo mkubwa, na Makete wangepata ripoti yao kwa uzito kidogo ambao huenda hakuna ambaye angeugundua.

Sasa unaona kwa nini umeme unaingia katika habari hii. Mipango hiyo inakaa kwenye kumbukumbu, na seva ikizimika inafutika yote. Ikiwaka, yeyote anayewahi kuita ndiye anayewapangia wenzake wote njia. Kwa hiyo kuzima na kuwasha kunaweza kuponya leo na kuugua kesho kwa sababu ile ile moja. Aliyekushauri kwa simu hakukudanganya kwamba inasaidia. Ila kila unapozima, unafuta pia ule mpango mbaya ambao ndio ushahidi wako pekee, na wiki ijayo unabaki huna cha kumwonyesha meneja zaidi ya neno lako.

Nije kwenye lile lililokutesa zaidi, kwamba mezani kwako prosija inakimbia. Humo ndimo vijana wengi wanapojitilia shaka. SSMS na programu yenu haziingii kwenye seva kwa mipangilio ile ile. SSMS huwasha mpangilio uitwao ARITHABORT, na miunganisho ya .NET huuacha umezimwa. Tofauti hiyo peke yake inatosha kufanya seva itunze mipango miwili ya prosija moja: mmoja wa kwako, mmoja wa kaunta. Wewe ulikuwa unaendesha mpango mzima huku wenzako wanateseka na ule mbovu. Kabla ya kujaribu, andika SET ARITHABORT OFF kwenye dirisha lako, kisha ita prosija kwa parameta zile zile za tawi linalolalamika. Ikiwa nzito na kwako, umeshaikamata.

Ila tahadhari. Mitandaoni utakutana na watu wanaosema uwashe ARITHABORT kwenye programu na mambo yataisha. Yataisha siku hiyo, kwa kuwa umeilazimisha seva kutengeneza mpango mpya, si kwa sababu mpangilio huo una dawa ndani yake. Na usinakili mwili wa prosija ukabadilisha parameta kuwa vigeugeu ulivyovitangaza mwenyewe kwa DECLARE. Optimaiza haioni thamani za vigeugeu hivyo inapopanga, inatumia wastani tu, kwa hiyo utakuwa unapima kitu kingine kabisa.

Ugonjwa ukirudi, na utarudi, kwanza hakikisha kwamba ni mpango na si foleni. Fungua sys.dm_exec_requests wakati ripoti inaendelea kuganda. Ukiona safu ya blocking_session_id ina namba isiyo sifuri, kuna mwenzake ameshika jedwali, pengine mtu kaanza muamala akaenda kunywa chai, na hiyo ni kesi nyingine. Kama hakuna anayemzuia, nenda kwenye sys.dm_exec_procedure_stats uitafute prosija yako. Utaona mpango uliingia kumbukumbuni saa ngapi, umetumika mara ngapi, muda mfupi kabisa na mrefu kabisa. Pengo kubwa kati ya huo mfupi na mrefu ni dalili nzito. Linganisha pia muda wa prosesa na muda wote uliopita: muda wote ukiwa mrefu huku prosesa imefanya kazi kidogo, prosija ilikuwa inasubiri kitu; vyote viwili vikipanda pamoja na idadi ya kurasa zilizosomwa, shuku mpango.

Halafu chukua plan_handle ya mstari huo, ipeleke kwa sys.dm_exec_query_plan, na hifadhi kinachotoka kama faili la .sqlplan. Fanya hivyo kabla ya kugusa kitu chochote. Ndani yake tafuta ParameterCompiledValue. Hiyo ndiyo thamani iliyotumika mpango ulipotengenezwa. Ukikuta pale namba ya tawi la Makete, huna haja tena ya kubishana na mtu kuhusu mtandao.

Hapo ndipo unaruhusiwa kutibu, na dawa ya kwanza ni ndogo mno ukilinganisha na kuzima seva. Ni mstari mmoja: EXEC sp_recompile ukifuatiwa na jina la prosija. Unaiambia seva kwamba mwito ujao wa prosija hiyo utengenezewe mpango mpya, na kila kitu kingine kinaendelea kama kilivyo. Hakuna anayetolewa nje ya mfumo. Usiipe jina la jedwali wakati wa kazi, kwa sababu itagusa kila prosija inayolitumia na itahitaji kufuli zito kwenye jedwali lenyewe. Na amri ya DBCC FREEPROCCACHE ikiwa peke yake usiiguse mchana: inafuta mipango ya seva nzima, ya kanzidata zote zilizomo, na prosesa italemewa na kupanga upya kila kitu huku watu wamejipanga kaunta. Ukiipa plan_handle ya mpango mmoja, itafuta huo mmoja.

Baada ya hapo ita prosija mwenyewe, kwa namba ya tawi kubwa, ARITHABORT ikiwa imezimwa, ili mpango unaotengenezwa uwe wa tawi hilo. Watu wa kaunta watadhani umefanya muujiza. Wewe ujue kwamba umepata nafuu ya siku chache za kutafuta tiba yenyewe.

Na tiba, mdogo wangu, mara nyingi inaanzia kwenye takwimu. Huku kwetu Nyanda za Juu Kusini data haiji kidogo kidogo mwaka mzima, inakuja kwa msimu. Mvua zikikaribia, Novemba na Desemba, mikopo ya mbegu na mbolea inaingia kwa wingi. Mahindi yakishavunwa, kuanzia katikati ya mwaka, marejesho yanafuatana. Optimaiza inayajua majedwali yako kwa muhtasari tu, histogramu yenye hatua zisizozidi 200 kwa safu, na muhtasari huo husasishwa mabadiliko yakishafika kiwango fulani. Kanuni ya zamani ilikuwa mabadiliko 500 pamoja na asilimia 20 ya mistari. Jedwali lenye mistari 1,000,000 lilihitaji mabadiliko 200,500 kabla takwimu hazijajisasisha. Kuanzia SQL Server 2016, kwa kanzidata iliyo kwenye kiwango cha ulinganifu 130 au zaidi, jedwali kama hilo linahitaji takriban 31,600. Tofauti ni kubwa sana. Lakini kanzidata iliyohamishwa kutoka seva ya zamani huja na kiwango chake cha zamani, kwa hiyo seva inaweza kuwa mpya huku kanzidata ikiendelea kufuata kanuni ya kale. Angalia compatibility_level kwenye sys.databases. Usiipandishe kwa pupa, maana kupandisha kunabadilisha namna seva inavyokadiria kila kitu. Jaribu kwanza kwenye nakala.

Matokeo yake ni kwamba Desemba optimaiza inaweza kuwa bado inaamini jedwali la mikopo ni lile la Oktoba. Hata mpango utakaotengenezwa leo asubuhi utakuwa umezeeka kabla haujatumika. Kwa hiyo weka kazi ya usiku, hasa katika miezi hiyo ya msimu, ya kuendesha UPDATE STATISTICS kwenye majedwali machache yanayokua haraka, pamoja na FULLSCAN kama muda wa usiku unaruhusu. Hii ndiyo kazi ambayo ningependa uianze wiki hii hii.

Baada ya takwimu, itazame prosija yenyewe. Ripoti ya tawi inaitwa mara ngapi kwa siku? Kama ni mara chache, weka OPTION (RECOMPILE) mwishoni mwa ile kwiri nzito ndani yake. Kila mwito utapata mpango wake, na gharama ya kupanga haitaonekana. Prosija ya kutafuta mwanachama mmoja, ile inayoitwa kila dakika na kila kaunta, usiiwekee hiyo, utaichosha prosesa bure. Kama tawi kubwa ndilo lenye kazi nyingi, unaweza kuiambia seva ipange kwa ajili yake kwa OPTIMIZE FOR. Ila ujue kwamba umeandika namba ya tawi ndani ya msimbo, na siku matawi yakipangwa upya hakuna atakayekumbuka ipo pale. Iandike kwenye daftari la mfumo.

Mimi binafsi, kabla ya maelekezo hayo ya RECOMPILE na OPTIMIZE FOR, ningetazama indeksi. Kama indeksi ya tawi na tarehe ingebeba pia zile safu chache ambazo ripoti inazihitaji, seva isingelazimika kurudi jedwalini kuchomoa mstari mmoja mmoja, na mpango wa Makete usingekuwa na ubaya mkubwa kwa Mbeya mjini. Maelekezo unayompa optimaiza yanaweza kupitwa na wakati data ikibadilika. Indeksi nzuri hudumu zaidi.

Na washa Query Store. Imekuwepo tangu SQL Server 2016, katika matoleo yote ya bidhaa hiyo, na kwenye SQL Server 2022 kanzidata mpya huja nayo ikiwa imewashwa. Kwa mtu wa Mbeya ina faida ya pekee: inaandika historia ya mipango ndani ya kanzidata yenyewe, kwenye diski. Umeme ukikatika ghafla, kwa mipangilio yake ya kawaida unaweza kupoteza robo saa ya mwisho ya kumbukumbu, lakini historia ya jana na juzi iko palepale. Utaona prosija ilikuwa na mpango gani Jumatatu ikikimbia, na mpango gani Alhamisi ikitambaa, na unaweza kuilazimisha irudi kwenye ule wa Jumatatu wakati unatafuta sababu. Toleo la 2022 linaweza hata kutunza mipango kadhaa kwa kwiri moja kulingana na makadirio ya mistari ambayo parameta italeta, kanzidata ikiwa kwenye kiwango cha 160. Kama ofisi inapanga kununua leseni mpya, hilo lina haki ya kutajwa kwenye kikao.

Wale wa PostgreSQL, sijawasahau. Kwenu mpango unatunzwa ndani ya kila muunganisho, kwa hiyo mfumo wenye miunganisho inayodumu unaweza kuwa mwepesi kwa mmoja na mzito kwa jirani yake. Kwiri iliyoandaliwa hupangwa upya kwa miito mitano ya kwanza, kisha seva inaweza kuhamia mpango wa jumla ikiona gharama hazipishani sana. Kama uzito unaanza baada ya hapo, jaribu kuweka plan_cache_mode kuwa force_custom_plan, iliyopo tangu toleo la 12. Na mkishapakia data nyingi kwa mkupuo, endesheni ANALYZE wenyewe bila kusubiri. Wa MySQL, seva yenu haitunzi mpango wa prosija kwa mtindo huu, kwa hiyo anzieni kwenye takwimu na indeksi.

Sasa turudi kwako na meneja. Usiingie ofisini kwake na maneno ya optimaiza. Nenda na karatasi moja yenye saa ripoti ilipoganda, muda mrefu na muda mfupi wa prosija ile ile, namba ya tawi iliyokutwa ndani ya mpango, na muda wa ripoti baada ya sp_recompile. Mwombe mambo mawili tu: ruhusa ya kazi ya usiku ya takwimu, na siku moja tulivu ya kujaribu indeksi mpya kwenye nakala ya kanzidata. Akikuuliza tena kuhusu mtandao, mwambie kwa heshima kwamba mtandao ungekuwa mbovu usingechagua ripoti moja ikaacha nyingine zote zikikimbia. Watu wa kaunta nao wasikie kutoka kwako, maana wao ndio wanaosimama mbele ya mkulima aliyetoka mbali kwa nauli yake na anataka kujua deni lake kabla gari la kurudi halijaondoka. Waombe wakupigie dakika ile ile mfumo unapoganda, wasisubiri jioni.

Umeniandikia pia kwamba kuna aliyesema kazi hii ya kanzidata "si ya wasichana". Mwaka 1979 Patricia Selinger na wenzake wa IBM, San Jose, California, walichapisha kazi yao juu ya namna ya mashine kuchagua njia ya kufikia data kwa kukadiria gharama, kutokana na mfumo wao wa majaribio ulioitwa System R. Optimaiza nyingi tunazotumia leo zimejengwa juu ya wazo hilo. Tayari katika System R kwiri zilikompailiwa na mipango yake kutunzwa, na indeksi iliyotegemewa ikifutwa mpango ulihesabika batili na kupangwa upya. Ugonjwa wako una umri mkubwa kuliko wewe, mdogo wangu, na jina la kwanza kwenye ile kazi ya 1979 ni la mwanamke. Kama unahitaji mtu wa kukaa naye mkasoma pamoja, Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya (MUST) kiko hapo Iyunga, na wapo wanafunzi wa mwaka wa mwisho wanaotafuta tatizo la kweli la kufanyia mradi.

Ukishalihifadhi lile faili la mpango, unaweza kunitumia nilitazame. Litume, lakini lifungue kwanza kwa kihariri cha maandishi. Faili la .sqlplan ni XML, na thamani za parameta zimo ndani yake wazi. Kama prosija hupokea jina la mwanachama, namba ya simu au namba ya NIDA, utakuta ya mtu halisi imeandikwa humo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 2023, na hata isingekuwepo, yule mkulima hakukupa namba yake ili ifike kwangu. Weka sifuri mahali pa namba na herufi X mahali pa majina, namba ya tawi iache, hifadhi, kisha nitumie.